Kabla ya kununua SSD, fungua kompyuta yako kwanza

Katika maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi, kompyuta ndogo za mezani zimepata wateja wa kila aina. Ni vile visanduku vya Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini, vyenye ujazo wa takriban lita moja, ambavyo vilitumika miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya na Marekani kabla ya kuuzwa kama mtumba. Mwenye steshenari anakinunua kwa ajili ya kuchapa na kutoa nakala. Mhasibu wa SACCOS anakinunua kwa sababu hakili umeme mwingi. Mwalimu anakinunua kwa sababu kinaingia kwenye droo na kufungiwa ufunguo jioni.

Mara nyingi mashine hizo hufika na diski ya zamani ya kuzunguka, au bila diski kabisa. Mnunuzi anaambiwa aongeze SSD. Anaingia duka la pili, anaomba “SSD ya gigabaiti 256”, analipa, anarudi nyumbani, na hapo ndipo shida inapoanza: diski haiingii. Au inaingia lakini kompyuta haiioni. Au inaonekana lakini kompyuta haiwaki kutokea humo. Akirudi dukani anaonyeshwa maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Hasara hiyo inazuilika. Vipimo vya SSD havina siri, na mtu asiyewahi kushika bisibisi anaweza kuvielewa katika Jumamosi moja. Ila ni lazima abadili mpangilio wa maswali. Tumezoeshwa kuuliza ukubwa na bei, na matangazo yametuzoesha kuuliza kasi. Swali linalotangulia hayo yote ni hili: mashine yangu inapokea diski ya namna gani?

Diski ndiyo inayochelewesha

Inafaa kueleza kwanza kwa nini kubadilisha diski kuna faida kubwa kuliko marekebisho mengine mengi. Hadidiski ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaosogea juu yake kutafuta data. Kila utafutaji unachukua takriban milisekunde 10. Kompyuta inapowaka husoma maelfu ya mafaili madogo yaliyotawanyika, na kila moja linausubiri mkono huo ufike. Ndiyo maana mashine yenye prosesa nzuri ya Core i5 inaweza kuchukua dakika kadhaa kabla haijawa tayari kwa kazi.

SSD haina kitu kinachozunguka. Data hukaa katika seli za kumbukumbu ya aina ya NAND, teknolojia iliyobuniwa na Fujio Masuoka na wenzake katika kampuni ya Toshiba nchini Japani na kuwasilishwa kwa wataalamu mwaka 1987. Kufikia faili popote lilipo kunachukua sehemu ndogo sana ya milisekunde moja. Mtu anayetoka kwenye hadidiski kwenda SSD ya kiwango cha chini kabisa huona tofauti siku ileile. Anayetoka SSD ya kawaida kwenda ya bei kubwa huenda asione tofauti yoyote akiwa anaandika barua, anajaza majedwali au anafungua tovuti.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, orodha ya prosesa zinazokubalika inaanzia kwa kiasi kikubwa kizazi cha 8. Ofisi nyingi za nchi tajiri zinaondoa mashine zilizo chini ya kiwango hicho ilhali bado ni nzima. Kwetu mashine hizo zinaweza kufanya kazi miaka mingine mingi kwa mfumo wa Linux Mint na SSD inayozifaa. Fedha ya kununulia diski hiyo inastahili kulindwa.

Maumbo matatu

SSD utakayokutana nayo kwa ajili ya kompyuta ndogo ina moja ya maumbo matatu.

La kwanza ni la inchi 2.5. Ni kibati bapa chenye ukubwa wa hadidiski ya laptopu, na huunganishwa kwa njia ya SATA. Hili ndilo rahisi kuliko yote, kwa kuwa karibu kila laptopu ya zamani na kompyuta nyingi ndogo za mezani zina nafasi yake. Hata hivyo angalia unene. Hadidiski nyingi za zamani zilikuwa na unene wa milimita 9.5, wakati SSD za leo nyingi zina milimita 7. Diski nyembamba katika nafasi pana itahitaji fremu ndogo ya plastiki ili isichezecheze. Kinyume chake ndicho kibaya: laptopu za ThinkPad X220 na X230, ambazo bado zinauzwa sana kama mtumba, zina nafasi ya milimita 7 pekee, na diski nene haiingii hata ukiilazimisha.

Kwa visanduku vya lita moja kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Diski ya inchi 2.5 ndani yake hukaa kwenye kishikilio maalumu, na baadhi ya modeli hutumia waya bapa wa pekee kati ya diski na bodi. Ofisi zilizouza mashine hizo ziliondoa diski zake kwa ajili ya usalama wa data, na mara nyingi kishikilio na waya viliondoka pamoja nazo. Utakuwa na diski sahihi, nafasi sahihi, na hakuna cha kuviunganisha. Mwambie muuzaji afungue mfuniko mbele yako kabla hujalipia kompyuta.

Umbo la pili ni mSATA, kipande kifupi kilichotawala mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kompyuta ndogo za kwanza za Intel NUC zilikitumia, na ThinkPad X230 ina sloti yake. Leo mSATA ni chache madukani. Ukiwa na mashine ya namna hiyo yenye pia nafasi ya inchi 2.5, tumia nafasi hiyo ya pili, kwani diski zake ni rahisi kupatikana na utaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine baadaye.

La tatu ni M.2, kipande chembamba mithili ya ubao wa RAM, kinacholala juu ya bodi na kufungwa kwa skrubu moja. Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

M.2 ni umbo tu

Watu wengi, wakiwemo baadhi ya wauzaji, huamini kwamba M.2 ni aina moja ya diski. M.2 hueleza umbo na kiunganishi. Ndani ya umbo hilo kuna njia mbili tofauti za mawasiliano. Moja ni SATA, ileile inayotumiwa na diski ya inchi 2.5, ambayo kasi yake halisi hufikia takriban megabaiti 550 kwa sekunde. Nyingine ni NVMe, inayopitia PCIe, njia ya kasi zaidi iliyo kwenye bodi, na ambayo kwa kizazi cha tatu cha PCIe chenye njia nne hufikia takriban megabaiti 3,500 kwa sekunde, na kwa kizazi cha nne takriban 7,000.

Diski ya SATA haiwezi kuzungumza NVMe, wala ya NVMe haiwezi kuzungumza SATA. Bodi nyingine zina sloti inayokubali zote mbili, nyingine zinakubali NVMe pekee, na nyingine za zamani kidogo zinakubali SATA pekee. Kwa macho sloti hizo zinaweza kufanana kabisa. Ni sawa na ufunguo unaoingia kwenye kitasa vizuri lakini haugeuki.

Dalili moja ya kusaidia ni mapengo yaliyo kwenye ukingo wenye meno ya dhahabu. Diski nyingi za M.2 za SATA zina mapengo mawili, mpangilio unaoitwa ufunguo B+M. Diski nyingi za NVMe zina pengo moja, la ufunguo M. Yenye pengo moja la M haitaingia kwenye sloti ya ufunguo B, na hapo umbo lenyewe linakulinda. Yenye mapengo mawili huingia kwenye sloti zote mbili, hata ile isiyoielewa. Zaidi ya hayo, zipo diski chache za NVMe zenye mapengo mawili. Kwa hiyo mapengo yakupe dokezo, lakini hukumu itoke kwenye lebo. Soma lebo ya diski yenyewe: ukiona “NVMe” au “PCIe”, ni NVMe. Ukiona “SATA” au “6Gb/s”, ni SATA. Lebo isiposema chochote, usinunue.

Baada ya njia ya mawasiliano, pima urefu. Tarakimu nne zinazoandikwa kwenye M.2 ni vipimo kwa milimita: mbili za kwanza ni upana, zinazobaki ni urefu. Diski ya 2280 ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, na ndiyo inayopatikana kwa wingi. Zipo pia 2230, 2242 na 2260. Bodi iliyo na tundu la skrubu kwenye milimita 42 pekee haitaishika diski ya 80. Diski fupi kwenye nafasi ndefu inaweza kutumika ikiwa kuna tundu la kuifungia au kipande cha kurefushia. Usiiache ikining’inia bila skrubu. Skrubu hiyo ndogo ya M2 mara nyingi haipo kwenye mashine za mtumba, na SSD nyingi huuzwa bila hiyo. Iulizie dukani papo hapo.

Usichanganye pia sloti ya SSD na ile ya kadi ya Wi-Fi. Zote ni M.2, na kadi nyingi za Wi-Fi zina urefu wa milimita 30, sawa na SSD ya 2230. Sloti ya Wi-Fi kwa kawaida ina ufunguo A au E na haikutengenezwa kwa ajili ya diski. Mtu akikuonyesha picha ya bodi yenye “sloti mbili za M.2”, uliza kila moja ni ya nini.

Mwisho wa umbo ni kimo. Diski nyingine zina chipu upande mmoja, nyingine pande zote mbili, na laptopu nyembamba zinaweza kukataa za aina ya pili. Nyingine huuzwa zikiwa na kipoza joto kinene cha alumini kilichokusudiwa kompyuta kubwa za michezo. Ndani ya kisanduku cha lita moja, kipoza joto hicho kinaweza kuzuia mfuniko usifunge.

Umri wa bodi

Tuseme diski imeingia na mfumo unaiona. Bado kuna hatua moja: je, kompyuta inaweza kuwaka kutokea humo? Kazi hiyo ni ya BIOS, programu iliyo ndani ya bodi. Toleo la kwanza la kanuni za NVMe lilitoka mwaka 2011, lakini ilichukua miaka kadhaa kabla kompyuta za kawaida hazijaanza kuielewa. Mashine zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6, zilizokuja mwaka 2015, na za baadaye zikiwa na sloti ya NVMe kwa kawaida huwaka kutokea humo bila shida. Za kizazi cha 4 na kurudi nyuma ni za kutiliwa shaka. Hata ukipata adapta ya kuiunganisha NVMe kwenye sloti ya PCIe, BIOS inaweza kuiona kama hifadhi ya ziada tu na ikashindwa kuanzia hapo. Kwa mashine ya umri huo, SSD ya SATA ya inchi 2.5 ndiyo chaguo la busara.

Usitegemee jina la familia. Ndani ya OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny kuna modeli nyingi, na ya bei ya chini inaweza kukosa kitu ambacho ya bei ya juu ya mwaka uleule inacho. Chukua namba kamili ya modeli. Katika Windows, andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, na namba itaonekana. Kwenye mashine za Dell kuna lebo yenye herufi na tarakimu saba inayotambulisha kompyuta hiyo peke yake. Lenovo huweka vipimo vya modeli zake kwenye hifadhi iitwayo PSREF, na HP huchapisha vitabu vya mafundi kwa kila modeli. Nyaraka hizi ni bure. Ndani yake utakuta aina ya sloti, urefu unaokubalika na kama ni SATA, NVMe au zote. Dakika chache za kusoma hapo zina thamani kuliko maneno ya watu watatu dukani.

Zipo mashine zisizo na njia kabisa. Baadhi ya laptopu ndogo za bei nafuu zina hifadhi ya eMMC iliyochomelewa kwenye bodi, nyingine bila sloti ya ziada. Mac mini yenye chipu ya M1 hifadhi yake nayo imechomelewa. Ile ya M4 ya mwaka 2024 ina moduli inayochomoka, lakini si M.2 ya kawaida. Kwa mashine kama hizo, diski ya nje ya USB ndiyo suluhisho.

Raspberry Pi na maktaba ya shule

Kompyuta ndogo kuliko zote hizo, Raspberry Pi, inaonyesha vizuri jinsi ulinganifu unavyoshinda kasi. Bodi hii ya Uingereza, iliyoanza kuuzwa Februari 29, 2012, inafaa sana kwa shule isiyo na intaneti. Ukiweka programu ya Kolibri ya shirika la Learning Equality, au Kiwix inayohifadhi Wikipedia, bodi moja inaweza kulihudumia darasa kupitia Wi-Fi yake yenyewe. Wikipedia ya Kiingereza pamoja na picha inazidi gigabaiti 100. Ya Kiswahili ni ndogo kwa mbali. Ukiongeza video za masomo, hitaji la hifadhi linakua upesi.

Wengi huanza na kadi ya SD. Kadi huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, na umeme unapokatika ghafla inaweza kuharibika mafaili, jambo ambalo shule zetu zinalijua vizuri. SSD ni hatua ya maana, lakini ichaguliwe kwa kuiangalia Pi.

Raspberry Pi 4, ya mwaka 2019, haina sloti ya M.2. Diski huunganishwa kupitia USB 3.0 kwa adapta, na bodi inaweza kuwaka kutokea humo ikiwa programu yake ya kuanzia ni ya karibuni. Hapa adapta ina uzito kuliko diski. Baadhi ya chipu za adapta, hasa za matoleo ya zamani, hugombana na njia ya uhamishaji iitwayo UAS: diski inakwama, inapotea, kisha inarudi. Ukikutana na hali hiyo, kuna maandishi ya kuongeza kwenye faili la cmdline.txt yanayoizuia Pi kutumia UAS kwa adapta hiyo, kwa gharama ya kasi kidogo. Lililo bora ni kununua adapta ambayo watu wengine tayari wanaitumia na Pi.

Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka 2023, ina kiunganishi cha PCIe. Bodi rasmi ya kuongezea, M.2 HAT+, ilitoka Mei 2024. Kwa upande wa diski, inapokea NVMe pekee, za vipimo vya 2230 au 2242. SSD ya kawaida ya 2280 haitoshi hapo, ingawa kampuni nyingine hutengeneza bodi ndefu zaidi. M.2 ya SATA haifanyi kazi kabisa. Tena kiunganishi hicho kimethibitishwa kwa PCIe ya kizazi cha pili yenye njia moja, ambayo kikomo chake cha nadharia ni megabaiti 500 kwa sekunde. Aliyelipia diski ya megabaiti 7,000 kwa ajili ya Pi 5 amelipia kasi ambayo haitatoka kamwe. Baadhi ya diski pia hazielewani na Pi kwa sababu ya chipu za udhibiti zilizo ndani ya diski hizo. Mwezi Oktoba 2024 Raspberry Pi ilianza kuuza SSD zake yenyewe za gigabaiti 256 na 512, na kwa shule isiyo na fundi karibu, hilo ni chaguo la amani.

Kisha umeme. Pi 5 imekusudiwa kutumia chaja ya volti 5 na ampea 5. Ukiipa chaja ya ampea 3, hupunguza umeme unaokwenda kwenye USB zote hadi jumla ya miliampea 600. SSD ya USB inaweza kuhitaji zaidi ya hapo inapoandika. Diski inayojizima katikati ya somo mara nyingi ni nzima kabisa. Inakosa umeme tu.

Ukubwa, uimara na bei

Ukishajua umbo, njia, urefu na umri wa bodi, sasa ndipo uzungumzie ukubwa na bei. Kwa kazi za ofisi, gigabaiti 240 au 256 zinatosha. Gigabaiti 120 hujaa haraka, hasa kwa Windows 11, na SSD iliyojaa pomoni hupungua kasi. Gigabaiti 500 zinawafaa wanaohifadhi picha na video. Usishtuke ukinunua ya 500 na Windows ikaonyesha 465. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1,024, na hakuna kilichoibiwa.

Uimara hupimwa kwa TBW, yaani terabaiti ambazo mtengenezaji anadhamini ziandikwe kabla ya dhamana kuisha. Kingston A400 ya gigabaiti 240 imewekewa 80. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imewekewa 300. Namba ya kwanza inaonekana ndogo, lakini ipigie hesabu: duka linaloandika gigabaiti 20 kila siku litahitaji siku 4,000 kufika 80, karibu miaka 11. Kwa mtumiaji wa kawaida, umeme mbovu na joto ni maadui wa karibu zaidi kuliko kuchakaa kwa seli. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inailinda diski ya bei nafuu vizuri zaidi kuliko jina kubwa linavyoweza. Anayeendesha kamera za ulinzi au hifadhidata inayoandika usiku na mchana ndiye mwenye sababu ya kulipia TBW kubwa, na kupendelea seli za TLC zinazobeba biti tatu kuliko QLC zenye nne.

Kuhusu kasi, kumbuka kwamba PCIe hurudi nyuma bila kugoma: diski ya kizazi cha nne itafanya kazi kwenye sloti ya kizazi cha tatu, kwa kasi ya sloti. Ukipata zote kwa bei moja, chukua mpya. Kama kuna tofauti ya bei, ihamishie kwenye RAM.

Soko nalo lina bandia. Zipo diski zenye lebo ya terabaiti 2 ambazo ndani yake kuna uwezo mdogo sana. Programu yake imechezewa iidanganye kompyuta. Mafaili ya mwanzo yanaandikwa vizuri, yanayofuata yanapotea kimyakimya. Pima diski mpya kabla ya kuipa kazi: H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huijaza diski nzima kisha huisoma tena kuthibitisha. Fanya hivyo ikiwa tupu. Kwa diski iliyotumika, CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake, saa ilizowaka na kiasi kilichoandikwa. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Kuwa macho pia na vipande vya Intel Optane vya gigabaiti 16 au 32. Vina umbo la M.2 na jina linaloheshimika, lakini vilitengenezwa kuharakisha hadidiski, na Intel ilitangaza kuachana na Optane mwaka 2022.

Kabla ya kuhamisha data, tengeneza nakala nje ya mashine. Ikiwa Windows imefungwa kwa BitLocker, hakikisha una ufunguo wake wa kurejesha. Ukinunua kasha la USB la kuhamishia, nalo lina aina mbili, SATA na NVMe, ingawa yapo yanayokubali zote. Kanuni ni ileile: soma lebo.

Wajibu wa wauzaji na wanunuzi wakubwa

Mzigo huu usiachwe kwa mnunuzi peke yake. Duka linaloandika “hairudishwi” kwenye risiti lina wajibu wa kuandika “SATA” au “NVMe” na urefu wa diski kwenye rafu, kwa maandishi yanayosomeka na Kiswahili kinachoeleweka. Karatasi moja na kalamu vinatosha. Fundi anayemfungulia mteja kompyuta na kumwonyesha sloti kabla ya kumuuzia diski anajijengea biashara ya miaka mingi.

Shule, zahanati na halmashauri zinaponunua kwa wingi, zabuni isiishie kwenye “SSD, gigabaiti 256, vipande 40”. Maneno hayo yanamruhusu mzabuni alete kitu kisichoingia kwenye hata mashine moja, naye awe hajavunja mkataba. Andikeni modeli ya kompyuta, umbo, njia ya mawasiliano, urefu, na sharti la kuwa diski moja ijaribiwe kwenye mashine moja kabla ya malipo. Kishikilio, waya na skrubu viwe sehemu ya oda.

Na wewe unayejiandaa kwenda dukani wiki hii, andaa vitu vinne kwenye simu yako: namba kamili ya modeli, picha ya sloti iliyo wazi, picha ya lebo ya diski ya zamani kama ipo, na ukurasa wa vipimo kutoka kwa mtengenezaji. Muuzaji mwaminifu atafurahi kuviona, kwa sababu vinamrahisishia kazi. Muuzaji anayekwambia “hizi zote ni sawa” amekupa sababu ya kutosha ya kwenda duka la jirani.